Merikani, Kaniki na Bendera: Rangi na Macho katika Historia ya Upare

Nguo tatu zilitawala mizigo ya misafara iliyopita kando ya Milima ya Upare katika karne ya 19. Merikani ilikuwa pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kufikishwa Unguja na merikebu za Salem. Kaniki ilitoka India, ikiwa imechovywa kwenye nili mpaka ikakolea. Bendera ilikuwa pamba nyepesi nyekundu. Wapagazi walizipandisha kutoka Pangani na Tanga, wengine wakifuata mto Pangani upande wa magharibi wa milima, wengine wakipita mashariki kwa njia ya Gonja na Kisiwani, na safari za kurudi zilibeba pembe za ndovu. Nyeupe, nyeusi na nyekundu: ndivyo nguo hizo zilivyohesabiwa. Hata hivyo kaniki mpya ikianikwa juani huonyesha ubuluu wa nili, na bado kwa Kiswahili huitwa nguo nyeusi, katika kamusi na kwa mganga anayemwagiza mteja ailete pamoja na nyeupe na nyekundu.

Je, walioiita nyeusi hawakuuona ubuluu wake, au waliuona wasiuhesabu? Swali hilo linahusu eneo kubwa kuliko Upare. Lugha za Kibantu, Chasu cha Wapare na Kiswahili zikiwamo, ni za ukoo mmoja, na katika ukoo huo mizizi ya kale ya majina ya rangi ni mitatu: ya nyeusi, ya nyeupe na ya nyekundu. Kiswahili kimeihifadhi hali hiyo kwa uwazi. Maneno matatu tu ya rangi huchukua viambishi vya ngeli, ndiyo maana husemwa ng'ombe mweusi, mawingu meusi, kitambaa cheusi. Mengine yote yameazimwa, mengi yao kwenye vitu: kijani kwenye jani, manjano kwenye bizari, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda lake. Bluu imetoka Ulaya, na samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu.

Wasomi wa Ulaya walipokutana na lugha za namna hii waliharakisha hukumu. Mwaka 1858 William Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika kwamba tenzi za Homer zina majina machache mno ya rangi, akahisi kuwa uwezo wa Wagiriki wa kale wa kuona rangi ulikuwa haujakomaa. Mtaalamu wa lugha Lazarus Geiger alionyesha ukosefu kama huo wa neno la bluu katika maandiko mengine ya kale. Mwaka 1877 daktari wa macho Hugo Magnus aligeuza hisia hizo kuwa nadharia: jicho la binadamu lilianza kwa kuona nyekundu, kisha njano na kijani, na bluu ikaja mwisho. Kutokana na nadharia hiyo ilikuwa hatua fupi kudai kwamba watu wa Afrika na wa visiwa vya Pasifiki walikuwa bado wamesimama katika daraja la chini la safari hiyo.

Kipimo kilichoivunja nadharia hiyo kilizaliwa kwenye reli. Mwaka 1875 magarimoshi mawili yaligongana huko Lagerlunda, Sweden, na mtaalamu wa fiziolojia Frithiof Holmgren akashuku kwamba mfanyakazi mmoja alishindwa kutofautisha ishara. Akatengeneza jaribio rahisi: mafundo ya nyuzi za sufu za rangi nyingi, ambayo mpimwaji huambiwa achague yanayofanana na fundo aliloonyeshwa. Jaribio hilo halidai jina lolote, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow aliwapima kwa sufu hizo Wanubi waliopelekwa Berlin kufanyiwa maonyesho ya aibu mbele ya umma. Hawakuwa na neno la pekee kwa bluu, lakini walipotakiwa kulinganisha nyuzi, hakuna aliyekosea. Magnus mwenyewe alituma maswali kwa wamisionari na maofisa katika nchi nyingi, na majibu yakamlazimisha kuirekebisha kauli yake: watu wengi wasio na jina la rangi fulani huiona rangi hiyo vizuri kabisa.

Hukumu ile haikufa mara moja. Mwaka 1898 W. H. R. Rivers alikwenda na wenzake wa Cambridge kwenye visiwa vya mlango-bahari wa Torres, akarudi akidai kwamba wenyeji hawakuwa wepesi wa kuiona bluu, pengine kwa sababu ya rangi ya asili iliyomo ndani ya jicho. Wakosoaji walionyesha kwamba mazingira ya upimaji wake yalikuwa mabovu. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanaijenga reli ya Usambara kutoka Tanga. Ilipita Same, chini ya Milima ya Upare, na kufika Moshi mwaka 1911, na pamoja nayo zikaja ishara zilizodai nyekundu na kijani zitofautishwe mara moja, bila ubishi.

Ushahidi bora kuhusu macho ya watu wa Afrika Mashariki ulikuwapo zamani kabla ya maabara, katika biashara ya misafara. Msafiri Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliandika kwamba biashara ya bara ilitumia aina zipatazo 400 za shanga. Nyingi zilitoka Venice. Shanga nyekundu za samsam zilipewa pia jina la kivunja-mji, kwa jinsi zilivyotamaniwa. Henry Morton Stanley, akijiandaa kwa safari mwaka 1871, aliambiwa mapema kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo na hazina thamani kwingine, kwamba Wanyamwezi walipenda nyekundu, na kwamba nyeupe zilizokubalika Ufipa zingedharauliwa Ukonongo. Katika njia ya kaskazini, Joseph Thomson alilazimika mwaka 1883 kusimama Taveta, kaskazini kidogo ya Upare, ili watu wake watunge shanga upya kwa vipimo walivyotaka Wamasai. Msafara uliokosea rangi ulikosa chakula. Mteja anayeikataa shanga kwa sababu imepauka kidogo kuliko ile anayoitaka hana upungufu wowote wa macho. Inashangaza kwamba wasomi walioshughulika na nadharia ya Magnus hawakuwauliza mawakala wa shanga wa Unguja, watu waliokuwa wanapata au kupoteza mali kila msimu kwa sababu ya ukali wa macho ya bara.

Katika nyika za Same, kati ya milima na mto, wafugaji wa Kimasai wana hazina nyingine ya rangi. Kimaasai kina maneno mengi ya kumtaja ng'ombe kwa rangi ya ngozi yake na kwa mpangilio wa mabaka na mistari, kiasi kwamba mfugaji humtambulisha mnyama mmoja kati ya kundi kubwa kwa neno moja tu. Mengi ya maneno hayo hayatumiki kwa nguo wala kwa ua. Mtu anayepima lugha kwa vipande vya karatasi vyenye rangi moja moja atayakosa yote, kisha ataandika kwamba msamiati wa rangi ni mdogo. Ushanga wa Kimasai nao una sheria zake za rangi ipi ikae jirani na ipi, na mwenyeji huweza kumjua mtu ametoka sehemu gani kwa mpangilio huo.

Rangi hubeba pia hali ya hewa. Milima ya Upare Kusini, yenye kilele cha Shengena na msitu wa Chome, hunasa unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na upande wa magharibi ulipo mji wa Same hubaki mkavu. Katika nchi kama hiyo wingu jeusi ni habari njema. Wamasai humtaja Enkai Narok, Mungu mweusi, kuwa ndiye mwema mleta mvua, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, kuwa ndiye mwenye hasira. Katika milima yenyewe waganga wa mvua walikuwa na nguvu ya kisiasa. Mwanaanthropolojia Thomas Håkansson ameonyesha jinsi utaalamu wa mvua ulivyoshikamana na utawala katika Upare Kusini kabla ya ukoloni. Victor Turner, aliyeandika katika miaka ya 1960 kuhusu Wandembu wa Zambia, alizihusisha rangi tatu na mwili: nyeupe na maziwa, nyekundu na damu, nyeusi na uozo na kifo. Maelezo yake ni ya thamani, ila hayatoshi kwa nchi kavu. Mtu aliyengoja mvua miezi saba hawezi kuiona nyeusi kuwa rangi ya kifo peke yake.

Mfano wenye uzito zaidi umo Upare Kaskazini, katika uhunzi wa Ugweno. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika historia ya kisiasa ya Wapare aliyoichapisha mwaka 1969, alieleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoitawala Ugweno kabla ya kuondolewa na ukoo wa Wasuya. Chuma cha Ugweno kiliuzwa hadi Uchaga. Malighafi ilikuwa mchanga mweusi wenye chuma uliokusanywa, ukasafishwa, ukayeyushwa pamoja na makaa katika tanuri lililopulizwa kwa mivukuto. Kazi hiyo haikuwa na kipimajoto. Mhunzi aliongozwa na rangi. Chuma kikifika nyuzi 700 hivi za Selsiasi huwa na wekundu mzito kama damu iliyoganda. Karibu na nyuzi 950 kinaelekea chungwa. Kikipita 1,100 kinakuwa njano, na karibu na 1,300 kinaukaribia weupe, hapo vipande viwili vikigongwa vinaungana. Akikitoa mapema hakiungani; akikichelewesha kinaungua na kupukutika. Kwa hiyo ndani ya kile ambacho lugha ya kila siku ilikiita nyekundu, jicho la mhunzi lilikuwa na ngazi kadhaa, na kila ngazi ilikuwa na kazi yake. Kijana aliyejifunza karibu na tanuri alizijua kwa kusimama, kuangalia na kukosea mbele ya mkubwa wake. Elimu hiyo ni ya macho halisi, na ilirithishwa bila kuhitaji majina mengi.

Utafiti wa kisayansi ulirejea kwenye suala hili mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walipochapisha matokeo ya lugha 20 walizozichunguza kwa kuwaonyesha wasemaji zaidi ya vipande 300 vya rangi. Kiswahili kilikuwa mojawapo. Walidai kwamba lugha zote huongeza majina ya rangi kwa utaratibu unaofanana: lugha yenye majina matatu huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu, zinazofuata ni kijani na njano, bluu huja baadaye. Mpangilio huo unalingana vizuri na Kiswahili, lakini msingi wake ulikuwa mwembamba. Wasemaji wengi walikuwa wakazi wa eneo la San Francisco waliojua Kiingereza, na lugha nyingi ziliwakilishwa na mtu mmoja au wachache. Shamba, zizi na tanuri havikuingia kwenye hesabu.

Utafiti uliokwenda karibu zaidi na hali halisi ulifanyika Tanzania yenyewe, kwa Wahadza wanaoishi kuzunguka ziwa Eyasi, na ulichapishwa mwaka 2015 na Delwin Lindsey, Angela Brown na wenzao. Wahadza walionyeshwa vipande 23 vya rangi na kuulizwa kila kimoja kinaitwaje. Kwa nyeusi, nyeupe na nyekundu walikubaliana. Kwa vingine, jibu la mara kwa mara lilikuwa kwamba hawajui. Lakini kila mmoja alikuwa na maneno machache yake, na majibu yote yalipokusanywa pamoja, jamii nzima ilionekana kuyagawa mawanda ya rangi kwa namna inayokaribia lugha zenye majina mengi. Ujuzi ulikuwapo, umetawanyika kwa watu mbalimbali, kwa kuwa maisha ya kuwinda na kukusanya asali hayajawalazimisha wakubaliane juu ya jina la bluu. Matokeo hayo ni fundisho kubwa kuliko nadharia yoyote ya hatua, maana yanaonyesha jinsi majina ya rangi yanavyozaliwa: mtu mmoja huanza, wengine hufuata pale wanapokuwa na jambo la kuelezana.

Lugha hata hivyo haikosi athari. Debi Roberson na Jules Davidoff waliwachunguza Wahimba wa Namibia, wenye majina makuu matano ya rangi, wakaona kwamba watu hutofautisha na kukumbuka rangi vizuri zaidi pale mpaka wa majina ya lugha yao unapopita katikati yake. Tofauti hizo ni ndogo. Madai yaliyosambaa baadaye kwamba Wahimba hawawezi kuiona bluu hayatokani na utafiti huo, na yanaturudisha kwa Magnus.

Same ipo karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua la huko limetumiwa pia kama hoja. Mwaka 2002 Lindsey na Brown walipendekeza kwamba miale ya urujuanimno katika nchi za tropiki huifanya lenzi ya jicho iwe ya njano mapema, hivyo kupunguza mwanga wa bluu unaofika ndani, na kwamba ndiyo sababu lugha nyingi za ikweta huunganisha bluu na kijani. Ni kweli kwamba lenzi hugeuka njano kwa umri, na mzee aliyetolewa mtoto wa jicho husema mara nyingi kwamba bluu imemrudia. Lakini utafiti wa mwaka 2005 uliwalinganisha vijana na wazee wa Marekani, na wazee, licha ya lenzi zao za njano, waliita vitu bluu karibu sawasawa na vijana. Ubongo hujirekebisha polepole kadiri lenzi inavyobadilika.

Mbali na macho, mwanga wenyewe nao huleta tofauti za ajabu. Mashariki ya nyika ya Mkomazi, katika bonde la mto Umba, huchimbwa vito, na baadhi ya garneti na yakuti za huko hubadilika rangi. Garneti ya namna hiyo mchana huwa na ukijani au ubuluu, na chini ya taa ya moto hugeuka nyekundu au zambarau. Jiwe halijabadilika. Linapitisha mwanga wa sehemu mbili, ya kijani-bluu na ya nyekundu. Mwanga wa mchana una bluu nyingi, na wa taa una nyekundu nyingi, hivyo mizani inaegemea upande wenye nguvu. Mnunuzi mzoefu huliangalia jiwe nje na ndani kabla ya kutaja bei. Mwaka 2015 picha ya gauni moja kutoka Uingereza iliugawa ulimwengu kwa sababu inayokaribiana: wengine waliliona jeupe na dhahabu, wengine bluu na jeusi. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na jeusi, ila picha haikuonyesha wazi mwanga uliolimulika, na kila ubongo ukakisia kivyake. Watu wenye lugha moja, nyumba moja na umri mmoja walitofautiana.

Majina yenyewe yalibadilika haraka katika karne ya 20. Pwani ilikuwa tayari na kisutu, khanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, mfuasi wa nguo tatu za misafara. Bendera ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1964 ilileta mpangilio mwingine: kijani cha mimea, njano ya madini, nyeusi ya watu, bluu ya maji. Katika rangi tatu za kale imebaki nyeusi peke yake. Kila mtoto wa shule, kuanzia Mamba hadi Usangi, alitakiwa kuzitaja zote nne na maana zake. Hivyo bluu ikapata nafasi ambayo nili ya kaniki haikuipata kwa karne nzima, na wajukuu wa watu walioita kaniki nyeusi wakaitenganisha bila shida, kwa macho yaleyale.

Tofauti ya kweli ya macho imo ndani ya kila jamii, na hurithiwa. Retina ina aina tatu za seli zinazopokea rangi, na jeni za aina mbili kati ya hizo, zinazotenganisha nyekundu na kijani, zimo kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana kromosomu hiyo moja tu. Ikiwa na kasoro, hana akiba. Kwa watu wa asili ya Ulaya, wanaume wapatao 8 kwa kila 100 wana upungufu huo. Kwa Waafrika wengi ni wachache zaidi, mara nyingi kati ya 2 na 4, na kwa wasichana haufiki hata mmoja kwa kila 100. Hata wenye macho mazima hawalingani kabisa, kwa kuwa jeni ya nyekundu ina sura mbili za kawaida zinazosogeza kidogo kiwango cha kupokea mwanga. Hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kwamba wekundu anaouhisi mmoja ndio anaouhisi mwingine. Kinachopimika ni kama wanatofautisha vitu vilevile.

Hilo linapimika kwa dakika chache kwa vibao vya nukta alivyovitunga daktari wa Kijapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Katika shule yenye wavulana 300, wapo wachache ambao kwao kijani na nyekundu havitengani vizuri, na wengi wao hawajui. Mtoto anayepaka majani rangi ya kahawia asichapwe wala asichekwe. Mwalimu amwambie mzazi, na mzazi ampeleke kliniki ya macho kabla kijana hajachagua kazi ya umeme, ya reli au ya vito.